Safu ya Wasomaji: Kwa Nini Wahusika Wako Hawaivani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu sitkomu, yaani ile komedi ya mfululizo ya nusu saa yenye watu walewale mahali palepale. Tumezifupisha na kuziunganisha zilizouliza jambo moja.

SWALI: Wahariri, salamu. Ninaandika sitkomu ya watu sita wanaofanya kazi katika ofisi moja. Kila mhusika nimemwandikia wasifu wa kurasa tatu: alikozaliwa, shule alizosoma, hata rangi anayoipenda. Lakini nikisoma skripti kwa sauti, wote sita wanaongea kama mtu mmoja. Nimekosea wapi?

JIBU: Wasifu wa namna hiyo unamfaa mwandishi wa riwaya kuliko wewe. Kipindi cha dakika 22 (ndiyo nusu saa ukiondoa matangazo) hakina nafasi ya utoto wa mtu. Kina nafasi ya kile anachokitaka sasa hivi kutoka kwa aliyesimama mbele yake. Zifungie kabatini kurasa zako 18, kisha kwa kila mhusika andika sentensi nne tu. Ya kwanza: anataka nini siku zote. Ya pili: anaogopa nini. Ya tatu: anatumia mbinu gani kupata anachotaka, anabembeleza, anatisha, anajifanya mnyonge au anatoa hotuba. Ya nne: anajidanganya nini kuhusu nafsi yake.

Hiyo ya nne ndiyo yenye kicheko. Basil Fawlty wa *Fawlty Towers* anaamini kwamba yeye ni mtu wa daraja la juu aliyekwama kati ya washamba. Sitkomu hiyo ya Uingereza ina vipindi 12 tu, sita vya mwaka 1975 na sita vya 1979, na fedheha nyingi zinazompata zinachipuka kwenye imani hiyo moja.

Ukimaliza, chora jedwali. Watu sita wanatoa jozi 15. Katika kila chumba cha jedwali jibu swali hili: huyu anataka nini kutoka kwa yule, ambacho yule hawezi kukitoa bila kupoteza kitu? Chumba kilichojazwa vizuri kinasomeka hivi: "Meneja anataka mhasibu amheshimu, mhasibu akimheshimu, itabidi akubali kwamba alinyimwa cheo kwa haki." Chumba kibovu kinasomeka: "Ni marafiki," au "Hutaniana." Utani hauzai onyesho. Mhusika akiwa na vyumba vitatu vitupu, mwondoe au mwunganishe na mwingine. Usihangaike kuzipa jozi zote 15 uzito uleule. Nne au tano zenye nguvu zinatosha kubeba msimu mzima.

Mfano mzuri wa jozi iliyokamilika ni baba na mwana katika *Frasier*, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1993 hadi 2004. Mwana, Frasier mwenyewe, ni daktari wa akili anayetaka baba yake athamini elimu na ladha yake. Baba ni polisi mstaafu anayetaka kukaa na mwanawe bila kuhutubiwa. Hakuna mbaya hapo, na hakuna anayeweza kumpa mwenzake anachotaka bila kujikana mwenyewe. Waandishi wakaupa ugomvi huo kitu cha kushikika: kiti kikuukuu cha baba, kimebandikwa utepe pale kilipochanika, kimewekwa katikati ya sebule ya fanicha za kifahari. Mtu akiketi tu, hoja imeshatolewa.

Sasa tuje kwenye sauti. Tazama mazungumzo haya ya ndugu wawili:

— Umeona funguo?
— Ningeziona ningekuwa nimeshatoka humu.
— Na mimi ningekuwa nimeshakusahau.

Yana utani, lakini ukiwabadilishia mistari hakuna kitakachoharibika. Hilo ndilo tatizo lako. Sasa chukua ndugu haohao: dada mkubwa hawezi kukubali kwamba amekosea, na mdogo wake ana njaa ya kushukuriwa.

— Umeona funguo?
— Zimo mfukoni mwako, dada. Nilizitia mimi jana, nilijua utazitafuta.
— Sizitafuti. Nauliza kama umeziona.
— Basi sema tu asante.
— Kwa funguo zangu? Mfukoni mwangu?

Hapa ukibadilisha mistari onyesho linakufa. Fanya jaribio hilo kwa kurasa tano za skripti yako: funika majina ya wasemaji, mpe mtu asiyeijua kazi yako, akuambie nani ni nani. Akishindwa kwenye mistari mingi, usianze kupamba lugha kwa kumpa huyu misemo na yule kigugumizi. Rudi kwenye sentensi ya kwanza na ya tatu. Mbinu ya mtu ndiyo inayomtofautisha na mwenzake, lafudhi haimtofautishi.

Na angalia jambo moja ambalo waandishi wenye vipaji hulikosea kuliko wasio navyo: kila mhusika amekuwa mcheshi. Kwenye sita, mmoja au wawili ndio wajue kwamba wanachekesha. Waliobaki wawe na shughuli zao, tena kwa dhati.

SWALI: Naongoza sitkomu yangu ya kwanza. Waigizaji wawili niliowachagua ni hodari kila mmoja akiwa peke yake, ila wakisimama pamoja hapawaki kitu. Kemistri, yaani ule moto unaowaka kati ya waigizaji wawili, inaweza kupimwa kabla ya kurekodi?

JIBU: Inaweza, na ungepaswa kuipima kabla hujamchagua yeyote. Kosa lako ni kuwachagua mmojammoja. Nafasi mbili zinazotegemeana husailiwa kwa jozi.

Chukua watu watatu kwa kila nafasi. Hiyo inakupa jozi tisa; ukitenga dakika 20 kwa kila jozi, kazi inaisha kwa siku moja. Andaa maonyesho matatu mafupi ya ukurasa mmoja na nusu hadi miwili: moja wanagombana, moja wanakubaliana dhidi ya mtu wa tatu, na moja lenye maneno machache sana, mathalani wanamsubiri mtu huku wote wakijua wanachokificha. La kugombana ndilo linalodanganya wasaili wengi, maana karibu kila mtu anajua kufoka. La pili ndilo linaloonyesha kama watu hawa wakiwa upande mmoja utatamani kukaa nao.

Raundi ya kwanza waache wasome wanavyotaka. Raundi ya pili badilisha maelekezo ya mmoja tu, tena kwa kumnong'oneza: "Safari hii hujakasirika, unaona ni mzaha." Kisha usimtazame huyo uliyemwelekeza. Mtazame mwenzake. Akitoa mstari wake kwa sauti na mwendo uleule wa mwanzo, basi hasikilizi, anangoja zamu yake. Akibadilika, hata akikosea neno, huyo unaye.

Rekodi kwa picha moja pana yenye wote wawili ndani. Ukirekodi nyuso kwa zamu na kuzikata baadaye, utakuwa unapima ustadi wa mhariri wa picha. Utakapoitazama rekodi, ipitie mara moja bila sauti. Utaona nani anamtazama nani wakati hana la kusema.

Watayarishaji wa *Cheers*, sitkomu ya Marekani ya watu wa baa moja, walifanya hivyo kwa kuzipambanisha jozi tatu mbele ya wakuu wa kituo, na Ted Danson na Shelley Long wakashinda kama jozi. Kilichofuata kina somo kubwa zaidi: Sam, mwenye baa anayeigizwa na Danson, aliandikwa kwanza kama mchezaji mstaafu wa futiboli ya Kimarekani, akageuzwa kuwa mrushaji wa besiboli ili amfae Danson. Katika usaili wa sitkomu hiyohiyo John Ratzenberger alikuja kuomba nafasi nyingine, akaona mambo hayaendi, akawauliza kama baa yao ina mjuaji wa kila kitu. Akawaigizia palepale. Hivyo ndivyo alivyozaliwa mhusika Cliff, ambaye hakuwamo kwenye mpango. Waandishi wa *All in the Family* nao walirekodi kipindi cha majaribio mara tatu kati ya 1968 na 1971. Baba na mama walibaki walewale, wakawa wanabadilisha binti na mkwe hadi nyumba ikakaa sawa.

Kuhusu hofu yako nyingine, kwamba waigizaji wako hawapendani nje ya seti: hilo silo litakaloharibu kazi. Vivian Vance na William Frawley, Ethel na Fred wa *I Love Lucy* (1951 hadi 1957), hawakupikika chungu kimoja. Mwanamke huyo alichukizwa kuozeshwa mtu aliyempita miaka 22. Kwenye kioo wakawa ndoa iliyochoka ya kuaminika kabisa, kwa kuwa waandishi waliwapa ndoa iliyochoka. Wangewaandikia mapenzi motomoto, uongo ungeonekana.

Ikiwa mikataba imeshasainiwa na huwezi kubadilisha mtu, fanya hivyohivyo. Watazame wawili hao wakila chakula cha mchana au wakipanga viti. Kama mmoja humharakisha mwenzake na mwingine huzidi kujivuta, tayari una uhusiano. Uandike huo, uuache ule uliokuwa kichwani mwako.

SWALI: Tunabishana na mwenzangu. Yeye anasema wapenzi wakiungana tu, sitkomu imekwisha. Mimi naona kuwazungusha watazamaji misimu mitano ni kuwachosha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, lakini kwa sababu ambayo hukuitaja. Swali la lini waungane lina uzito mdogo kuliko swali la kizuizi gani kitabaki baada ya kuungana.

Watu wanaosema kwamba *Cheers* iliishi kwa kuchelewesha wanasahau kwamba Sam na Diane (wahusika wa Danson na Long) waliungana mwishoni mwa msimu wa kwanza, mwaka 1983. Sitkomu hiyo ikaendelea hadi 1993, ikafikisha vipindi 275. Kizuizi chao hakikuwa kutotamkiana mapenzi. Mmoja aliamini mwili na kicheko, mwingine aliamini vitabu na mazungumzo marefu, na busu halikuwatibu.

Mfano unaotajwa upande wa mwenzako kwa kawaida ni *Moonlighting*, ambayo kwa hakika ilikuwa tamthilia ya saa moja yenye ucheshi mwingi. Wahusika wake waliungana Machi 1987, watazamaji wakaanza kupungua, lawama zikaangukia kitanda. Ukichunguza msimu uliofuata utakuta jambo jingine: mwigizaji wa kike alikuwa mjamzito, wa kiume alikuwa akirekodi filamu, na wawili hao wakawa hawaonekani pamoja katika vipindi vingi. Waliowatenganisha baada ya kuwaunganisha ndio waliowamaliza.

Kwa upande mwingine, *Frasier* iliweza kumfanya Niles, mdogo wake Frasier, ampende Daphne, mhudumu wa baba yao, kimyakimya kwa misimu saba, hadi mwaka 2000. Iliwezekana kwa kuwa kizuizi kilibadilika kila mara: kwanza Niles ana mke, kisha anatalikiana, kisha Daphne ana mchumba, na karibu muda wote huo Daphne hajui kitu. Kuchelewesha kwa vizuizi vinavyobadilika kunavumilika. Kinachochosha ni kizuizi kilekile kurudi kila msimu kimevaa nguo nyingine.

Katika kazi zenu, ninyi wawili jaribuni kipimo hiki: je, sentensi moja ya kweli ingemaliza tatizo? Mlango unafunguliwa, anamkuta amemkumbatia binamu yake, anakimbia bila kuuliza. Onyesho hilo lifutwe. Mtazamaji hukasirika anapoona watu wazima wanakataa kuuliza swali la sekunde tatu. Kizuizi kizuri hubaki hata baada ya kila mtu kusema ukweli wake wote.

Na msiwe na haraka ya kuamua mapema mno. Waandishi wa *Friends* waliwalaza marafiki wawili, Chandler na Monica, kitanda kimoja katika vipindi vilivyorekodiwa London mwaka 1998, wakidhani ni jambo la kupita. Watazamaji waliokuwa ukumbini walipiga kelele muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Waandishi wakausikia ule mlipuko, wakautii; kufikia 2001 wahusika hao wakaoana, na uhusiano wao ukawa wa kudumu kuliko ule wa Ross na Rachel uliopangwa tangu mwanzo.

SWALI: Mhusika aliyependwa sana msimu wa kwanza sasa, msimu wa nne, amekuwa kikaragosi. Anarudia mzaha mmoja tu. Ilitokeaje, na anaokoleka?

JIBU: Ilitokea kidogokidogo, na watazamaji walisaidia. Alisema jambo la kipumbavu, likachekesha. Wiki iliyofuata mwandishi aliyekwama saa tano usiku akaliazima. Baada ya vipindi thelathini, mhusika akawa hana kingine. Sifa yake imebaki bila sababu iliyoizaa. Ned Flanders wa *The Simpsons* ndiye mfano ambao mashabiki hawachoki kuutaja: mwanzoni alikuwa jirani mwema ambaye kosa lake lilikuwa kumzidi Homer kwa kila kitu, dini ikiwa sehemu tu ya wema huo, kisha dini ikameza yote.

Anaokoleka. Chukua skripti tatu za karibuni na upige mstari chini ya kila mzaha unaotokana na sifa yake kuu. Ukiona zaidi ya miwili katika kipindi ambacho hadithi yake si ya sifa hiyo, futa iliyozidi. Kisha mwandikie kipindi kimoja ambamo sifa hiyo inamgharimu kitu anachokipenda, na kingine ambamo yeye ndiye mwenye akili chumbani na wengine wamepotea. Bahili atoe pesa, ila kwa sababu ya kibahili. Mjinga agundue jambo, ila kwa njia ambayo mwerevu asingeifikiria. Usimgeuze mtu mpya kwa usiku mmoja, maana mtazamaji atahisi ameibiwa rafiki yake.

SWALI: Vipindi sita vya kwanza vimepokelewa vibaya. Watazamaji wanasema mhusika mkuu "anaudhi". Nimlainishe?

JIBU: Kabla hujamgusa yeye, wachunguze wanaomzunguka. Mara nyingi ubaya wa mhusika unapimwa kwa unyonge wa anaowatendea.

Kipindi cha kwanza kabisa cha majaribio cha *The Big Bang Theory* hakikurushwa hewani. Kilikuwa na mwanamke mkali, mwenye maneno ya kukata, akiishi na wanasayansi wawili wasiojua hila. Waliokitazama wakamchukia, kwani waliwahurumia wale wawili kama watoto. Watayarishaji waliwabakiza waigizaji wale wawili wa kiume, wakamwondoa mwanamke yule na kumwandika Penny, mchangamfu asiyewadhuru. Sitkomu hiyo ilianza 2007, ikafika vipindi 279.

Wakati mwingine dawa ni kupandisha wengine. Msimu wa kwanza wa *Parks and Recreation* (2009, vipindi sita) ulimwonyesha mhusika mkuu, Leslie, kama mtu asiyejua kwamba anadharauliwa. Msimu wa pili alibaki na bidii yake ileile iliyopitiliza, ila wenzake wakaanza kumheshimu hata pale anapowachosha. Bidii ile ambayo awali ilionekana upumbavu sasa ikaonekana uwezo. *The Office* ya Marekani nayo ilimlainisha bosi wake baada ya vipindi sita vya 2005, kwa kuonyesha zaidi kwamba anatamani kupendwa na kwamba kazi yenyewe anaiweza.

Na kuna mageuzi makubwa zaidi, ya kubadilishana akili. Katika *Blackadder* ya 1983, bwana alikuwa bwege na mtumishi wake Baldrick ndiye mwenye hila. Iliporudi 1986, bwana akawa mwerevu mwenye ulimi wa wembe, Baldrick akawa mjinga. Majina ni yaleyale, kicheko kikapata mashiko, kwa sababu mwerevu anayetegemea wajinga ana matatizo mengi kuliko mjinga anayeokolewa na mwerevu. Kabla ya kumtupa mhusika, jaribu kuandika onyesho moja ukiwa umewabadilishia nani anajua na nani hajui.

Kulainisha kwa kumpa machozi na historia ya utoto mgumu katika kipindi cha saba, hapana.

SWALI: Mgeni wa kipindi kimoja amependwa kuliko wenyeji. Nimfanye wa kudumu?

JIBU: Mrudishe kwanza mara mbili, kila mara na mwenyeji tofauti. Akichekesha na mmoja tu, ana jozi moja. Mwache awe mgeni wa mara kwa mara. Akipata la kudai kwa watu watatu, mpe ufunguo wa nyumba. Frasier mwenyewe aliingia *Cheers* mwaka 1984 kama mgeni wa muda, na Urkel wa *Family Matters* aliletwa kwa ajili ya kipindi kimoja.

Ila hesabu gharama. Mhusika wa saba katika kundi la sita anaongeza jozi sita mpya, na dakika ni zilezile 22. Kila mstari unaompa umetoka kinywani mwa mwingine, kwa hiyo amua mapema ni wa nani, na umwambie mwigizaji huyo kabla hajaisoma skripti mezani mbele ya wenzake.